Sauti za Katuni Redioni: Lafudhi, Kicheko na Msikilizaji wa Ufuo wa Nam Lolwe

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeizoea zaidi sauti iliyoandikwa kuliko sauti inayosikika. Mhusika wa tamthilia huchambuliwa kwa maneno anayoyasema, na ni nadra kuchambuliwa kwa jinsi anavyoyatamka. Katika redio, hata hivyo, matamshi ndiyo uso wa mhusika: ndiyo umri wake, mavazi yake na nyumbani kwake. Rudolf Arnheim, katika kitabu chake kuhusu redio kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1936, aliutetea upofu wa chombo hiki na kuuona kuwa ndio msingi wa usanii wake. Hoja hiyo ina uzito wa pekee katika nchi yenye lugha nyingi kama Kenya, ambako neno moja la Kiswahili hutosha kumfanya msikilizaji akisie msemaji ametoka wapi.

Istilahi “sauti ya katuni” inatumiwa hapa kwa maana ya sauti iliyochorwa kwa kutiwa chumvi sifa chache, mpaka msikilizaji amtambue mhusika kabla ya kusikia anachosema. Mchoraji hukuza pua. Mwigaji hukuza konsonanti. Makala haya yanazichunguza sauti za aina hiyo zilizotoka katika runinga na kuingia redioni, hasa sauti ya Mluo anayesema Kiswahili, kama zinavyoweza kusikika na msikilizaji wa Kisumu na ufuo wa Ziwa Victoria, ziwa ambalo wenyeji huliita Nam Lolwe. Hoja kuu ni kwamba ukatuni haumo ndani ya sauti yenyewe. Umo katika pengo lililopo kati ya lugha mbili, na anayeweza kulipima pengo hilo kwa haki ni yule aliye na lugha zote mbili.

Kutoka Siwindhe hadi Studio

Uigaji wa sauti kwa ajili ya kicheko haukuletwa na mitambo. Katika siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto wa Kiluo walikusanyika jioni, sigana ilisimuliwa kwa kumpa kila mnyama sauti yake. Asenath Bole Odaga, mwandishi na mchapishaji aliyeendesha shughuli zake Kisumu hadi alipofariki mwaka 2014, alihifadhi sehemu ya utajiri huo katika maandishi. Na mkusanyo wake uitwao Thu Tinda! unabeba jina la kifungio cha masimulizi hayo. Lakini maandishi hayakuweza kuihifadhi sauti ya fisi. Hiyo ilibaki kooni mwa msimulizi.

Fisi mwenyewe amerudi kwa njia nyingine. Katika kichekesho cha runinga cha Papa Shirandula yumo mhusika aitwaye Otoyo, na otoyo katika Dholuo ni fisi. Anasema Kiswahili chenye lafudhi ya Kiluo, ilhali anayemwigiza ni Kazungu Matano, ambaye jina lake lamtaja kuwa mtu wa Pwani. Kabla yake, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, aliigiza Mzee Ojwang katika Vitimbi vya KBC kwa miaka mingi. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Aliuvaa Uluo kwa lafudhi, na wapo watazamaji waliodhani kwamba jina la mhusika ndilo jina lake.

Masafa ya FM yalipofunguliwa kwa watangazaji wa binafsi katika miaka ya 1990, sauti kama hizo zilipata uwanja mpya. Walter Mong'are, maarufu kama Nyambane, aliyemwigiza Rais Moi katika kundi la Redykyulass, alikuwa baadaye mtangazaji wa asubuhi wa Kiss 100. Felix Odiwuor aliingia redioni na jina la Jalang'o alilolipata katika Papa Shirandula. Daniel Ndambuki, kwa jina la Mwalimu King'ang'i, aliongea kwa miaka mingi katika Classic 105 akitumia lafudhi ya Kikamba, lafudhi ya watu wake mwenyewe. Hapa pana tofauti ambayo mhakiki hana budi kuizingatia: kuna anayeichora sauti ya nyumbani kwao, na kuna anayeichora sauti ya jirani.

Hesabu ya Upungufu

Katuni ya lafudhi ya Kiluo hujengwa kwa kanuni mbili zilizo rahisi. Dholuo haina sauti sh wala z. Basi “shamba” hugeuka “samba”, na “zawadi” hugeuka “sawadi”. Mwigaji akizishika kanuni hizo mbili, hadhira ya Nairobi au Mombasa humwona Mluo mzima mbele yake.

Msikilizaji wa Dunga au Kondele anasikia zaidi ya hayo, na anasikia pia kilichoachwa. Dholuo ina irabu tisa, zilizogawika katika makundi mawili yanayotawala upatanifu ndani ya neno. Kiswahili kina tano tu. Dholuo ni lugha ya toni, na toni hutofautisha maana. Kiswahili sanifu hakina toni za namna hiyo. Dholuo hutenganisha t ya meno na t ya ufizi, upambanuzi ambao Kimvita pia kinao lakini Kiswahili sanifu hakinao. Kwa hiyo Mluo anayejifunza Kiswahili huingia akiwa na mali nyingi ambayo lugha hiyo haiitumii. Katuni haiigusi mali hiyo. Huhesabu upungufu tu: sauti mbili zisizokuwapo huwa utambulisho wa jamii nzima, na irabu nne za ziada hazimchekeshi mtu yeyote kwa kuwa mwigaji hawezi kuzitamka.

Huu ni upungufu wa kisanaa kabla ya kuwa kosa la kimaadili. Uigaji mzuri huchungua. Uigaji dhaifu huazima alama iliyokwisha kuzoeleka. Ndiyo maana haitoshi kuuliza kama watu wanacheka. Swali la mhakiki ni: msikilizaji anayeijua sauti hiyo tangu utotoni anacheka kwa kumtambua mtu, au anacheka kwa kuitambua alama?

Mhusika na Kipande

Henri Bergson, katika insha yake ya mwaka 1900 kuhusu kicheko, alidai kwamba tunacheka pale kiumbe hai anapotenda kama mashine. Nadharia hiyo inafafanua vizuri kile kinachotokea sauti inapokatwa vipande. Katika mchezo wa nusu saa, Ojwang ni mume wa Mama Kayai; hasira yake ina chanzo, hila yake ina lengo, na aibu inapomfika mtazamaji humwonea huruma hata akiwa anacheka. Lafudhi ni sifa mojawapo ya mtu mwenye sifa nyingi. Sauti hiyohiyo ikiigwa kwa sekunde tano baina ya nyimbo mbili, au ikibonyezwa kama kengele kila mara mtangazaji anapotaka kicheko, hasira hubaki bila chanzo na hila bila lengo. Kinachosalia ni s iliyokaa mahali pa sh. Mhusika amekuwa kidude cha kuchezea.

Ni kweli kwamba wapo watakaoutetea mtindo huu kwa jina la utani. Utetezi huo una nguvu, lakini utani una masharti. Watani hujuana, hupokezana zamu, anayechekwa leo hucheka kesho, na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtani ana kazi yake msibani. Redio huelekea kuvunja sharti la zamu, kwa sababu kipaza sauti kiko upande mmoja. Mfano wa kigeni unasaidia hapa. Mwaka 1928 katika jiji la Chicago, Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, walianza kuigiza sauti za watu weusi katika kipindi cha Amos 'n' Andy, na mwaka 1934 sauti hizo zikatiwa katika filamu za katuni. Kipindi kilipendwa sana, hata na baadhi ya waliochorwa, lakini zamu haikugeuka: Wamarekani weusi hawakuwa na kituo kama hicho cha kuwaiga Wazungu.

Kenya haiko katika hali hiyo moja kwa moja. Baada ya vituo kama Ramogi FM na Mayienga FM kuanza kutangaza kwa Dholuo, msikilizaji wa Kisumu alipata mahali ambapo sauti yake haina lafudhi. Jambo hili ni la kimsingi. Mtu yuleyule anayechekwa akisema “samba” huzungumza katika vituo hivyo bila kuchekwa, kwa kuwa pengo kati ya lugha mbili limefungwa. Koo halikubadilika; kilichobadilika ni lugha, na pamoja nayo kikatoweka kile kilichodhaniwa kuwa tabia ya asili ya msemaji.

Kicheko na Kivuko

Uzito wa suala hili unaonekana katika kisa cha kale. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia jinsi Wagileadi walivyowatambua Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa neno moja: aliyeshindwa kutamka sh na kusema s aliuawa. Herufi zenyewe ndizo hizihizi zinazochekesha redioni. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133, ziliwakumbusha Wakenya kwamba jina na lugha vinaweza kugeuzwa kuwa kivuko. Kudai kwamba vichekesho vilisababisha ghasia hizo kungekuwa kutia chumvi. Lakini sikio linalofunzwa kila asubuhi kumpanga msemaji kwa konsonanti moja limefunzwa kazi ambayo haiishii kwenye kicheko.

Wakati huohuo, sauti iliyoigwa inaweza kuwa amana. Raila Odinga aliigwa na wachekeshaji kwa miongo kadhaa: matamshi yake, vitendawili vyake vya jukwaani, utangazaji wake wa mpira wa kisiasa. Alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, na mwili wake kupitishwa Kisumu kabla ya maziko ya Bondo, vipande vya sauti yake vilivyokuwa malighafi ya vichekesho vilisikika tena redioni kama maombolezo. Matamshi hayakuwa yamebadilika hata kidogo. Aliyewahi kuyacheka aliyalilia, na mwigaji aliyeyasoma kwa makini akaonekana kuwa mtani aliyekuja kutimiza kazi yake msibani.

Hitimisho

Sauti za katuni redioni zinastahili kuhakikiwa kwa vipimo vya fasihi, na sio kwa kuhesabu vicheko. Vipimo viwili vimependekezwa: kama sauti inabeba mhusika mwenye nia na sababu zake au imebaki kipande, na kama anayeigwa ana zamu ya kujibu. Kwa vipimo hivyo, Ojwang wa mchezo kamili anafaulu kwa kiasi kikubwa, ingawa aliazimwa. Vipande vingi vilivyorithi lafudhi yake havifaulu. Kipimo hicho kinamtaka mhakiki ajifunze kusikiliza kama asikilizavyo mvuvi wa Dunga mwenye redio ndani ya mtumbwi: kwa masikio mawili, moja la Kiswahili na jingine la Dholuo. Mhakiki mwenye sikio moja atasikia kosa la matamshi. Mwenye mawili atasikia lugha nyingine nzima ikipita chini yake.