Joho la Asubuhi

Kwenye korido ya Mahakama Kuu, wakili wa kujitegemea anafunga kola yake nyeupe kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika simu. Mteja amepiga mara tano tangu alfajiri. "Tulia mama, tunasubiri kuitwa."

Mawakili hutaniwa sana, na mimi nimecheka na wanaocheka. Lakini leo nampongeza yule aliyepangiwa na mahakama kumtetea mshtakiwa wa mauaji asiye na kitu. Malipo hutoka serikalini, nayo si ya kujengea nyumba. Ndani ya jalada mna picha za marehemu, maelezo ya onyo, ramani ya eneo la tukio. Huyasoma usiku watoto wakishalala. Asubuhi mwenzake akiuliza mbona hajagusa chai, atasingizia usingizi, maana siri ya mteja haisimuliwi hata chumbani.

Maadili ya kazi yanamtaka asichanganye fedha za mteja na zake, asiipotoshe mahakama, asimtelekeze mteja njiani. Ni haki kabisa. Ila kichwa kilichochoka husahau tarehe ya kukata rufaa, na anayeumia ni yule aliye mahabusu.

Namfahamu mmoja ambaye kila Jumamosi huzima simu na kwenda Coco Beach na wanawe kula mihogo. Zamani mapumziko hayo aliyaita uvivu. Siku hizi anasema Jumatatu ndipo huona kirahisi shahidi alipojikanganya.

Karani anaita. Simu inaingia mfukoni, joho linanyooshwa.