Tabakero la Fedha na Jina Lililofutwa

Tabakero, yaani kijaluba cha kutilia ugoro, ni neno lililoingia katika Kiswahili kutoka Kireno, na siku hizi ni wachache walitamkao. Chombo chenyewe, hususan kile kilichofuliwa kwa fedha na mafundi wa Birmingham, Uingereza, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kimebaki katika makabati ya makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji. Wakusanyaji hao wana elimu yao ya kukitambua, nayo ni elimu ya kuheshimiwa. Lakini aghalabu huanza na kuishia kwenye mihuri, na hapo ndipo inapostahili kuhojiwa.

Mihuri ina abjadi yake. Simba anayetembea huthibitisha kwamba madini ni fedha halali, sehemu 925 katika kila 1,000. Nanga ni alama ya Birmingham, mji uliopata ofisi yake ya kupimia fedha mwaka 1773, baada ya Matthew Boulton, mwenye karakana kubwa, kulishawishi Bunge. Kabla ya hapo vyombo vyake vilisafirishwa hadi Chester kwenda kupigwa mihuri. Herufi moja hutaja mwaka. Kichwa cha mfalme au malkia, kilichopigwa tangu 1784 hadi 1890, huonesha kwamba kodi ililipwa. Kisha kuna herufi za fundi: N na M, mathalani, ni Nathaniel Mills, ambaye wakusanyaji humtafuta kwa bei kubwa.

Umaarufu wa Mills umetokana na vifuniko vyenye sura za majengo: Windsor, Warwick, Kenilworth. Kwa wapenzi wa ushairi yapo mawili yavutiayo zaidi, Abbotsford, nyumba ya Walter Scott, na Newstead Abbey, makao ya ukoo wa Byron hadi mshairi huyo alipoyauza. Msomaji aliweza kutia nyumba ya mshairi mfukoni na kuipapasa kwa kidole gumba kila alipotaka kupiga chafya. Ni fikra nzuri kuliko utekelezaji wake. Maua ya pambizoni hulisonga jengo, na kwa kuwa sura nyingi zilipigwa kwa kalibu, nyumba ile ile hurudi kifuniko baada ya kifuniko kama kibwagizo kilichochoka. Ustadi wa kweli wa karakana hizo umo mahali pasipotazamwa, kwenye bawaba. Tabakero jema hufungwa barabara, ugoro usimwagike wala usikauke, na bawaba yake haionekani ila kwa kutafutwa. Ndani limetiwa dhahabu, maana ugoro huitia fedha madoa.

Wadanganyifu wanaijua abjadi hiyo pia. Mihuri halisi hukatwa kutoka kijiko kikuukuu na kupachikwa kwa lehemu ndani ya kijaluba kisicho na nasaba. Mjuzi hukipumulia: ukungu wa pumzi unapotanda juu ya fedha, mstari wa lehemu hujitokeza.

Pumzi hiyo hiyo hufichua jambo jingine, zito zaidi. Matabakero mengi yalikuwa zawadi, na juu yake yalichorwa majina, tarehe na sababu ya kutunukiwa. Wasomaji wa tendi hawahitaji kuelezwa thamani ya maandishi kama hayo. Wamezoea kuukuta ubeti wa mwisho ambamo mtunzi hujitaja na kutaja mwaka wake, na wanajua hasara ya nakala iliyopoteza ukurasa huo. Sokoni, hata hivyo, jina la mtu asiyejulikana lilionekana dosari. Likasuguliwa. Fedha pale ikawa nyembamba, kiasi kwamba kidole kikibonyeza huhisi inalegea. Mihuri imeachwa salama, kwa sababu ndiyo inayoleta bei, na aliyekunusia ugoro miaka arubaini ameondolewa.

Nikolai Gogol, katika hadithi yake ya mwaka 1842 kuhusu karani na koti lake, alimpa fundi cherehani Petrovich tabakero lenye picha ya jenerali. Uso wa jenerali umetobolewa na kidole, na mahali pake pamebandikwa kipande cha karatasi. Haijulikani tena alikuwa jenerali yupi. Gogol alicheka, na alikuwa na haki ya kucheka, kwani tundu lile lilitokana na matumizi. Kusugua jina ili chombo kiuzike ni kitendo cha namna nyingine.

Tabakero la kawaida, lisilo na ngome wala maua, lenye maandishi yake kamili, lina hadhi kuliko Newstead Abbey iliyosafishwa. Na pale jina lilipokwisha kufutwa, anayeandika maelezo ya kabati au ya mnada hana budi kuliandika hilo waziwazi, pamoja na kila mkia wa herufi unaojitokeza kifuniko kinapopumuliwa.