Mpanda Baisikeli na Deni la Wenyeji

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika vitabu vingi vya safari methali hii imepinduliwa. Mgeni hupona, na mwenyeji husahauliwa. Kosa hili huwaelemea zaidi wale wasafirio peke yao, maana upweke una fahari yake, na mwandishi akishaonja fahari hiyo huona vigumu kumtaja aliyempa maji.

Kwa kipimo hiki nataka kukipima kitabu cha Dervla Murphy kiitwacho Full Tilt, kilichotolewa mwaka 1965. Bibi huyu wa Lismore, Ireland, alizaliwa mwaka 1931. Alipotimiza miaka kumi alipewa baisikeli na kitabu cha ramani, akaazimu kufika India kwa nguvu ya miguu yake. Azimio hilo lilingoja miaka zaidi ya 20, kwa kuwa alikuwa akimwuguza mama yake. Mama alipofariki, binti aliondoka Januari 1963, katika baridi kali iliyoikumba Ulaya, juu ya baisikeli aliyoiita Rozinante, jina la farasi wa Don Quixote. Julai alikuwa Delhi.

Uzuri wa kwanza wa kitabu ni mwendo wake. Mwandishi aliiondoa gia ya baisikeli kabla ya safari, akiiona dhaifu mno kwa njia mbovu. Basi kila mlima ulilipwa kwa pumzi. Anayekwenda hivyo hawezi kuiona nchi kama picha dirishani. Katika kivuko cha Babusar, Pakistani, kilicho na urefu wa mita zaidi ya 4,000, chombo cha kumbeba kiligeuka mzigo wa kubebwa juu ya theluji. Kurasa hizo hazina pambo, na kwa sababu hiyo zinaaminika.

Uzuri wa pili ni unyofu. Hafichi kwamba pengine alipanda basi au lori. Na mbavu zake hazikuvunjwa na jabali wala mnyama, bali na kitako cha bunduki katika ugomvi ndani ya basi, huko Afghanistan. Hata hivyo kitabu amekitunuku kwa watu wa Afghanistan na Pakistani, kwa shukrani ya ukarimu wao. Hapa amelikiri deni. Aliye peke yake barabarani mchana, usiku yu katika nyumba ya watu.

Lakini kukiri deni siko kulilipa. Murphy ameyapenda maisha ya mabonde yale hata akahuzunika kuona mashine na desturi za Magharibi zikiyakaribia. Huzuni hii yataka kuchunguzwa. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpanda baisikeli aghalabu huondoka kabla ya siku ya tatu. Ameonja mkate, hakulima ngano. Amekunywa maji, hakuyateka mtoni. Kumwombea mwenyeji abaki na kibatari ni rahisi kwa mgeni ambaye kwao taa za umeme zinamngoja. Katika jambo hili kitabu kina upungufu, na uzuri wa maneno hauufuniki.

Haki yadai tuseme kwamba mwandishi hakubaki pale. Mwaka 1992, akiwa na miaka 60, alipanda tena baisikeli, kutoka Kenya mpaka Zimbabwe, akitaraji safari ya kujiburudisha. Kila alipopumzika, mazungumzo yalirudi kwenye maradhi na misiba. Kitabu kilichotoka mwaka 1993 akakiita The Ukimwi Road. Neno la Kiswahili likakaa juu ya jalada la Kiingereza, kwa kuwa wenye msiba ndio waliompa habari. Mwandishi bado ni mwepesi wa kutoa hukumu, lakini safari hii mandhari imerudi nyuma, na wenyeji wanasema. Alikuja kuburudika, akapewa jembe, naye akalipokea.

Murphy alifariki mwaka 2022. Full Tilt kitaendelea kupendwa na vijana, na chastahili, kwa ujasiri wake. Mimi nakiweka cha pili juu yake. Katika cha kwanza twajifunza jinsi mtu mmoja awezavyo kufika mbali. Katika cha pili, jinsi afikavyo kwa watu.