Maji Kwanza, Mafuta Baadaye: Jinsi Uzito wa Mwanamieleka wa Shule Unavyothibitishwa

Watu wa Uvira na wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika hawana haja ya kufunzwa kwamba mwili waweza kupungua kwa siku moja pasipo kukonda. Kwa kuwa wameuguza wagonjwa wa kipindupindu miaka mingi, wameona jinsi mtu mzima anavyopoteza kilo kadhaa kwa muda wa saa chache, kisha akazirejesha kwa kunyweshwa na kutundikiwa serumu. Kilichotoka ni maji, wala si mafuta. Maarifa hayo ndiyo msingi wa kanuni ya Marekani ya kuthibitisha uzito wa wanamieleka wa shule, ninayokusudia kuichambua, nayo yatuhusu, kwani jamaa zetu wengi waliotoka Uvira, Fizi na milima ya Itombwe wamepewa makazi Marekani, wengine katika jimbo la Iowa, ambako mieleka ya shule za sekondari ina hadhi kubwa mno.

Zamani kijana aliyetaka kushindana na wepesi kuliko yeye aliachiwa hila zake: alifunga kula na kunywa, akavaa nguo za mpira, akakimbia ndani ya chumba chenye joto hata akafikia uzito alioutaka. Jimbo la Wisconsin lilianza kulikabili jambo hilo mwaka 1989, lakini ilihitajika huzuni kubwa ndipo nchi nzima izinduke: baina ya tarehe 7 Novemba na tarehe 9 Desemba 1997, wanafunzi watatu wa vyuo vikuu, Billy Saylor, Joseph LaRosa na Jeff Reese, walifariki wakiwa katika juhudi za kujipunguza kwa jasho. Vyuo vikuu vilibadili kanuni zao upesi. Shule za sekondari zililazimishwa kuifuata kanuni hii kwa taifa zima kuanzia msimu wa 2006 na 2007.

Ubora wa kanuni hiyo, kwa rai yangu, umo katika mpangilio wake. Kabla ya yote hupimwa mkojo: ikiwa uzito wa maji safi wahesabiwa 1.000, ule wa mkojo wa kijana, kwa ujazo ule ule, usizidi 1.025, na ukizidi, haruhusiwi kuendelea na kipimo siku ile. Akifaulu hupandishwa mizani, kisha, panapotumiwa koleo la kupimia ngozi, mvulana hubanwa nyuma ya mkono, chini ya kombe la bega na kando ya kitovu, na kutokana na unene wa mikunjo hiyo hukadiriwa kiasi cha mafuta. Uzito wa chini atakaoruhusiwa ni ule ambao mafuta yake yangebaki asilimia 7. Kwa msichana ni asilimia 12.

Natuchukue mvulana wa kilo 70 mwenye mafuta asilimia 12. Mwili wake usio mafuta ni kilo 61.6, ukigawanya kwa 0.93 wapata kilo 66.2, na chini ya hapo hashuki msimu mzima. Sasa tufikiri kwamba amejikausha usiku kucha akaja na kilo 67. Mikunjo ya ngozi haikubadilika sana, kwa hiyo koleo bado lasema asilimia 12. Lakini hesabu ile ile humpa kilo 63.4, yaani karibu kilo tatu za udanganyifu zilizotiwa muhuri wa sheria. Ndiyo sababu mkojo hutangulia: bila huo, kipimo cha mafuta kingekuwa chombo cha kuihalalisha hatari iliyokusudiwa kuzuiwa.

Hata aliyepimwa kwa uaminifu hashuki hadi uzito wake wa chini kwa haraka atakayo, kwani sharti la tatu ni kalenda: asipoteze zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa juma. Mvulana wetu, kwa kilo moja na kidogo kila juma, atahitaji takriban majuma manne kutoka kilo 70 hadi 66.2.

Kasoro ipo, nayo si ndogo. Mkojo hupimwa mwanzoni mwa msimu, haupimwi kila siku ya pambano; kwa hiyo kijana aliyekwisha kupata cheti aweza kurudia ujanja wa jasho baadaye, na kinga mojawapo iliyobaki ni kupimwa uzito muda mfupi kabla ya kushindana, asipate nafasi ya kujijaza maji tena. Naiona kinga hiyo kuwa dhaifu, na laiti kipimo cha mkojo kingerudiwa katikati ya msimu.

Walimu wa judo na ndondi wa mwambao wetu, ambao vijana wao pia hupangwa kwa uzito, hawana haja ya kungoja koleo wala maabara. Mizani moja, daftari, na kiwango cha asilimia 1.5 kwa juma vyatosha kuanzia; na kijana anayekataa maji chini ya jua la Uvira ili apungue, nawasihi, mtoeni katika orodha ya siku ile.