Kilo Zinazobaki: Namna ya Kuitambua Trela Nzuri ya Safari

Trela nyingi za safari zinazouzwa Marekani huundwa Elkhart, jimbo la Indiana, na maeneo ya jirani. Ndani zinavutia: jiko la gesi, friji, bafu, vitanda, na ukuta unaosogea nje kwa kubonyeza kitufe ili sebule ipanuke. Mnunuzi huingia, hufungua makabati, huketi kwenye kochi, na moyo wake umeshalipa. Mimi ningemwomba arudi mlangoni kwanza. Ubora wa trela naupima kwa kilo ambazo familia inaruhusiwa kuongeza baada ya kiwanda kumaliza kazi yake. Kochi litasubiri.

Nje, ubavuni kushoto kuelekea mbele, kuna kibandiko chenye herufi GVWR. Huo ndio uzito wa juu kabisa ambao trela haipaswi kuupita ikiwa imejazwa kila kitu. Karibu nazo utaona GAWR, uzito wa juu wa kila ekseli. Kibandiko kingine, mara nyingi upande wa ndani wa mlango, kinataja mzigo usiopaswa kuzidishwa, kwa kilo na kwa pauni, pamoja na uzito wa maji tangi likijaa. Kanuni za serikali ya Marekani zimekilazimisha tangu 2008, nami nakiamini kuliko brosha yoyote, kwa sababu kinaihusu trela hiyo hiyo iliyo mbele yako, wakati brosha inazungumzia aina nzima. Muuzaji akiongeza vitu vyenye zaidi ya kilo 45, au asilimia 1.5 ya GVWR ikiwa hiyo ndiyo ndogo, anatakiwa kukirekebisha kabla ya kuuza trela mpya. Chini ya hapo halazimiki. Kwa hiyo uliza nini kiliongezwa baada ya trela kutoka kiwandani. Betri moja inaweza kuwa haimo katika hesabu.

Chukulia trela yenye GVWR ya kilo 3,400 na uzito mtupu wa kilo 2,860. Zinabaki 540, na kwa asiyezoea hizo ni nyingi mno. Tangi la maji safi la galoni 40 za Kimarekani hubeba lita 151, yaani kilo 151. Zimebaki 389. Sasa toa betri, masufuria na sahani, matandiko, nguo, chakula cha wiki, viti vya nje, sanduku la spana, mipira ya maji na ya majitaka, baiskeli za watoto. Na usidhani maji yakitumika yametoka. Yamehama tu kutoka tangi safi kwenda matangi ya majitaka, na uzito wake mtaendelea kuukokota mpaka mfike pa kumwagia.

Hapo ndipo kipimo changu kinapoingia: toa maji, kisha gawanya kilo zilizobaki kwa idadi ya watu ambao trela inadai kuwalaza. Trela yetu ikitangazwa kulaza wanane, kila mmoja ana kilo zisizofika 49 za kila kitu, hata sehemu yake ya chakula na viti. Wakilala wanne, ni kilo 97, na safari inawezekana. Naichukia kabisa trela yenye makabati kila kona na uwezo mdogo wa mzigo. Kabati ni mwaliko, na mtu hujaza nafasi anayoiona. Mtengenezaji aliyeongeza makabati bila kuongeza nguvu ya ekseli amempangia mnunuzi kosa. Bei kubwa si kinga hapa. Mbao nzuri, kioo kinene na ukuta wa kusogea vyote ni uzito, na vyote hukatwa kwenye fungu lako.

Kisha lala chini, utazame. Ekseli inayopatikana sana kwenye trela za kadiri hii ni ya pauni 3,500, yaani kilo 1,588. Mbili zinabeba kilo 3,176. GVWR ya 3,400 bado ni halali, kwa kuwa sehemu ya uzito huegemea gari linalokokota. Lakini soma na matairi. Tairi la ST205/75R14 la daraja C hubeba kilo 798 likiwa na upepo wa PSI 50. Manne ni 3,192. Tofauti kati ya uwezo wa matairi na uwezo wa ekseli haifiki kilo 20! Upepo ukipungua kidogo, au jiko na friji vikiwa vyote upande mmoja, kuna tairi linalobeba kupita uwezo wake hata kama jumla iko sawa. Nikikuta daraja D, la kilo 925 kwa PSI 65, ninajua mtu fulani kiwandani alifikiria barabara ya Arizona mwezi wa Julai. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa.

Uzito unaoegemea gari unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela iliyopakiwa. Trela ni kama mzega: ukizidisha nyuma, mbele kunanyanyuka, na trela nyepesi mbele huanza kuyumba kulia na kushoto kwenye mwendo kasi, mpaka gari lenyewe linasukumwa. Ndiyo maana baiskeli zilizofungwa nyuma ni mzigo mbaya kuliko uzito wake. Uliza tangi la maji liko wapi, mbele ya ekseli au nyuma yake. Muuzaji asiyejua jibu hajaijua trela anayoiuza.

Sasa gari. Watu husoma kilo ambazo pikapu inaweza kukokota wakaishia hapo, ilhali kinachoisha mapema mara nyingi ni uwezo wa pikapu kubeba. Kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva kinataja jumla ya watu na mzigo. Kikisema kilo 680, na trela yetu ikiegemea kwa asilimia 12, hizo ni 408. Dereva na familia yake wakiwa kilo 280, mmeshapita kwa kilo 8 kabla hata ya kupakia begi moja.

Hesabu ya karatasi haitoshi. Nenda kwenye mizani. Mizani za CAT Scale zimetapakaa kwenye vituo vya malori vya Marekani, na madereva wa malori wanazifahamu vizuri, hivyo mwombe mmoja akuelekeze. Pima trela ikiwa imefungwa na kupakiwa kama ya safari, fito za kusawazisha uzito kati ya gari na trela zikiwa zimelegezwa, kisha fungua trela upime gari peke yake, na watu wale wale ndani. Tofauti ya jumla hizo mbili ni uzito wa trela. Uzito ulioongezeka kwenye ekseli za gari trela ilipofungwa, huo ndio unaoliegemea.

Ukikuta umepita GVWR, usishawishiwe kubadilisha springi. Namba hiyo kiwanda kiliiweka kwa chasisi, ekseli, breki na matairi kwa pamoja, na ekseli mpya haiibadilishi. Punguza mzigo, ukianzia na maji: kama kambi unayoiendea ina bomba, safiri na lita chache tu za choo cha njiani. Ila tangi likiwa mbele ya ekseli, kulimwaga kunapunguza pia ule uzito wa mbele, hivyo pima tena kabla ya kuingia barabara kuu.