Kimeng'enya si Sumukuvu

Katika maelezo ya kilimo tunayoyasoma siku hizi, maneno kimeng'enya, sumu ya kuvu na sumukuvu hutumiwa kana kwamba yote yana maana moja. Kosa hili si dogo, nasi hatuna budi kulieleza.

Tuchukue mahindi ya Runazi, mkoani Kagera, ambako mvua huja misimu miwili kwa mwaka. Spora za kuvu iitwayo Exserohilum turcicum huota juu ya jani lenye unyevu, hupenya, kisha kuvu hutoa vimeng'enya. Selulasi huvunja selulosi, na zailanasi huvunja zailani. Hizo ndizo nyuzi zishikazo ukuta wa seli. Ukuta ukilegea, kuvu hujilisha, na jani huonyesha mabaka marefu ya rangi ya majivu. Hapa istilahi imefaa mno. Imetokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja, na bwana shamba aweza kuifasiri bila kamusi. (Neno ukungu, badala ya kuvu, hatulipendi: mkulima hudhani anaambiwa habari za hali ya hewa.)

Sumukuvu ni jambo jingine kabisa. Ni kemikali, kama ile aflatoksini ya Aspergillus flavus, inayobaki ndani ya punje. Kimeng'enya ni protini, nacho huharibika kwa moto wa chungu; aflatoksini haiondoki kwa kusonga ugali. Mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara, watu zaidi ya 60 waliugua kwa sumu hiyo, na karibu thuluthi yao walifariki. Mtu aliyefundishwa kwamba vyote ni "sumu ya kuvu" atatupa mahindi yenye punje nzima kwa sababu tu majani yalikauka; au, vibaya zaidi, ataamini kwamba kuchemsha huyasafisha yaliyoota kuvu ghalani.

Twakiri kuwa mambo hayo mawili huweza kukutana. Fusarium verticillioides huozesha gunzi kwa vimeng'enya na papo hapo huacha fumonisini katika punje. Lakini mkulima ataelezwaje hayo kwa jina moja?

Kwa kundi zima la vimeng'enya hivi twapendekeza "vimeng'enya-ukuta". "Vimeng'enya vyenye uwezo wa kuharibu kuta za seli za mmea" ni maelezo, si istilahi.