Malazi ya Kalambo

Ninacho kijitabu kimoja cha kuwaongoza wasafiri wa mikoa ya kusini-magharibi. Sitakitaja jina, maana kosa lake wanalo wenzake wengi. Kinayasifu Maporomoko ya Kalambo kwa kurasa mbili nzima: maji yanavyoanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, mpakani mwa Tanzania na Zambia, makorongo marabu wanavyotaga katika genge, mto unavyoteremka hadi Ziwa Tanganyika. Yote hayo ni kweli. Kisha kuhusu mahali pa kulala kina sentensi moja tu, kwamba malazi yapo Kasesya.

Niliiamini. Mwezi Juni 2018 nilimchukua mjomba wangu, mzaliwa wa Ufipa aliyeondoka kijana kwenda kukata mkonge Tanga. Maporomoko hayo alikuwa akisimuliwa tangu utotoni, wala hakuwahi kuyaona. Magoti yalikwisha kuanza kumsumbua. Alitaka jambo moja: kufika alfajiri, ukungu ungali bondeni.

Kasesya tulipata chumba bila taabu. Shuka safi, blanketi mbili (na Ufipa mwezi Juni blanketi mbili si anasa), maji ya moto ya ndoo. Sina la kulaumu hapo. Lakini gesti, ndugu msomaji, yafaa ihukumiwe kwa kuuliza ilijengwa kwa ajili ya nani. Ile ilijengwa kwa ajili ya dereva wa lori na mfanyabiashara anayengoja forodha ifunguliwe. Usiku geti lilitiwa kufuli, ufunguo uko kwa mlinzi, naye mlinzi amelala. Hakuna aliyejua habari za gari la Kapozwa, kijiji kilicho jirani na maporomoko, na kwa nini ajue? Wageni wake huenda Mbala au Sumbawanga. Ikatubidi kurudi kwanza hadi Matai kutafuta gari.

Tulifika saa saba mchana. Ukungu umekwisha, jua la utosi. Mjomba, aliyechoshwa na mtikisiko wa njia ya vumbi, aliketi juu ya jiwe mbali na ukingo.

“Nenda wewe, mjomba,” aliniambia. “Utanisimulia.”

Nikaenda. Niliporudi nilimsimulia, na nilisimulia vibaya.

Waandishi wa vijitabu hivi hudhani malazi ni habari ya choo na chandarua. Watazame Kilimanjaro, njia ya Marangu: wapandaji hulala Mandara, kisha Horombo, kisha Kibo, na hapo Kibo huamka usiku wa manane ili jua liwakute juu. Japani nako, kwenye Mlima Fuji, kuna vibanda mlimani ambamo watu hupumzika saa chache kwa sababu hiyo hiyo. Kitanda kimewekwa kwa kufuata saa ya mlima. Mwandishi wetu alitazama ramani, akaona jina lenye gesti, akaliandika.

Wala tusiseme Kalambo hapakaliki. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kuwa magogo mawili yaliyochongwa yakashikana, yaliyofukuliwa upande wa Zambia juu ya maporomoko, yana umri wa angalau miaka 476,000. Huenda yalikuwa jukwaa, au msingi wa makazi. Hao walijua pa kulala.

Sentensi ya pili tu ingetosha kutuokoa: kwamba Kasesya ni pa kuvukia mpaka, na anayeitaka asubuhi ya Kalambo apatane na dereva Matai tangu jana yake, tena wakubaliane saa ya kuondoka, au abishe hodi kwa mwenyekiti wa kijiji Kapozwa aombe pa kujilaza.

Mjomba alirudi Tanga wiki ile, na Ufipa hakuja tena. Kijitabu ninacho bado. Pembeni mwa sentensi ile nimeandika kwa kalamu: saa saba mchana.